Maswali na majibu: Sanduku la katibu wa tawi

Tangu nilipogusia hapa suala la kuhifadhi historia ya wafanyakazi kidijitali, maswali yameingia mengi kuliko nilivyotarajia. Karibu nusu yanauliza kitu kimoja: ninunue mashine gani? Hilo nitalijibu kwa mistari michache. Haya mengine yanastahili nafasi zaidi.

Baba alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Amefariki, ametuachia sanduku la makaratasi. Ndugu zangu wanataka kulichoma. Nianzie wapi? – Binti wa katibu

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuliwahi sanduku kabla ya kiberiti. Usianze kwa kupanga. Najua mikono inakuwasha: barua huku, risiti kule, picha pale. Jizuie. Mpangilio aliouacha marehemu, hata kama machoni pako ni fujo, nao ni ushahidi. Risiti ya mchango iliyochomekwa katikati ya daftari la mihutasari huenda iliwekwa pale makusudi, kwenye ukurasa wa kikao kilichogombania fedha zile zile. Ukiichomoa na kuitia kwenye bahasha ya risiti, inabaki kuwa risiti tu. Piga picha sanduku lilivyo, kisha toa kitu kimoja kimoja na ukipe namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni. Kalamu ya wino iweke mbali kabisa.

Pini za stepla zilizoshika kutu zitoe taratibu, kwa kuwa kutu hula karatasi. Magazeti ya zamani yatenge na vitu vingine; tindikali yake humchafua jirani.

Ukishamaliza hapo, kaa na mama, au na rafiki yeyote wa baba aliyefanya naye kazi, mzipitie picha pamoja. Picha ya watu kumi na wawili mbele ya lango la kiwanda, bila jina hata moja, ni picha ya lango. Niliwahi kukaa siku nzima na familia moja juu ya daftari la mahudhurio. Karibu nusu ya wanachama hawakusaini. Walibonyeza dole gumba, na kando ya kila alama katibu akaandika jina kwa mwandiko wake. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na alama iliyokatika katikati, nikadhani wino ulikauka. Mjane wa katibu akasogea, akaitazama, akasema, "Huyo alikatwa na mashine." Likafuata jina la utani, mwaka wa ajali, na fidia ambayo hakulipwa hadi anaingia kaburini. Tuliyaandika yote siku ile ile. Daftari lenyewe halikuwa na neno hata moja kuhusu ajali.

Skana ni ghali. Simu inatosha? – Mwenye simu

Kwa kuanzia, inatosha. Weka karatasi mezani karibu na dirisha, zima flashi, ishike simu sambamba na meza ili herufi zisilale upande. Piga kila ukurasa, hata ulio mtupu kama una namba. Ukipata skana ya kuazima, tumia nukta 300 kwa inchi kwa karatasi zilizochapwa na 600 kwa picha ndogo au mwandiko uliofifia. Faili la kutunzwa liwe TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. La kusomwa na kutumwa liwe PDF au JPEG. Mashine imeishia hapo.

Tumeskani nyaraka zote za tawi na ziko kwenye flashi diski anayokaa nayo mwenyekiti. Sasa tunaweza kutupa makaratasi? – Kamati ya tawi

Msithubutu. Mwaka 1986 shirika la BBC la Uingereza liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ule ukaguzi wa ardhi na mali ulioamriwa na mfalme William. Wakakusanya maelezo na picha kutoka kwa wananchi wa kila upande wa nchi na kuyatia kwenye diski za leza, teknolojia ya kisasa ya wakati ule. Haikupita hata miaka 20, mashine za kusoma diski zile zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuokoa yaliyokuwamo. Kitabu cha mwaka 1086 bado kinafunguka na kusomeka.

Wahifadhi wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae jengo jingine kabisa. Kila mwaka mtu afungue faili aone kama zinafunguka. Na tukiwa hapo, msikabidhi kumbukumbu kwa mtu kwa sababu ya cheo chake. Nimewaona viongozi walioshindwa uchaguzi wakaondoka na funguo za kabati.

Tunawarekodi wastaafu. Mzee mmoja anasimulia mgomo kwa ufasaha lakini mwaka anaukosea, na anasisitiza. Tumsahihishe? – Kijana wa kinasa sauti

Swali zuri kuliko yote niliyopata, na jibu lake limo katika kisa cha Italia. Tarehe 17 Machi 1949, katika mji wa Terni, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma walitoka kuandamana kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Polisi wakamuua kijana wa miaka 21, Luigi Trastulli. Miaka mingi baadaye mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji watu wa Terni, wengi walimwambia Trastulli alikufa mwaka 1953, katika vurugu zilizozuka kiwanda kilipowaachisha kazi watu wapatao 2,000.

Nyaraka zilikuwa wazi, tarehe haikuwa na ubishi. Portelli angeweza kuandika "wamekosea" akapita. Yeye akauliza: kwa nini wakosee wote kuelekea upande mmoja? Akaona kwamba kifo cha kijana katika maandamano ya saa chache kilikuwa kidogo mno kwa uchungu waliokuwa nao, tena kifo ambacho hawakuweza kukijibu. Basi wakakihamishia kwenye pambano kubwa la kutetea ajira, mahali kilipopata uzito wake. Kosa lenyewe likawa habari.

Kwa hiyo mwache mzee aseme. Yaliyotoka kinywani mwake yaandikwe yalivyo, na kwenye maelezo ya rekodi ongezeni mstari: nyaraka zinaonyesha mwaka fulani. Msikate ukimya wala kikohozi. Hifadhini sauti katika faili la WAV, lisilobana sauti, kabla ya kutoa nakala nyepesi. Na msianze na mgomo. Anzeni na kazi: aliingia saa ngapi, mashine yake ililiaje ikikaribia kuharibika, nani alimfundisha. Jalada la mwajiri likitaja mgomo hutaja saa zilizopotea na hasara. Jinsi watu walivyoambizana usiku kwamba kesho hatuingii, mtaipata kwa mzee.

Tuna orodha za wanachama, namba zao za kazi na anwani. Tuziweke wazi mtandaoni ili wajukuu wawatafute babu zao? – Katibu mpya

Za zamani sana, ambazo wahusika wote wametangulia, sawa. Nyingine ngoja. Mwaka 2009 huko Uingereza mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ilivamia ofisi ya kikundi kilichojiita Consulting Association ikakuta faharasa ya siri yenye majina 3,213 ya watu wa sekta ya ujenzi. Makampuni makubwa yalikuwa yakilipia ili kujua nani ni mwanaharakati wa chama, nani amelalamika kuhusu usalama kazini, kisha mtu anakosa kazi mwaka baada ya mwaka bila kujua sababu. Orodha uliyoikusanya kwa mapenzi inaweza kusomwa na mtu kama huyo.

Skani zote, lakini gawa: ya wazi, ya kusomwa kwa ruhusa, na ya kufungwa hadi mwaka mtakaoutaja. Yenye habari za ugonjwa, kesi za nidhamu au madeni iingie kwenye ya kufungwa, msibishane.

Taasisi moja ya ng'ambo inataka kuchukua nyaraka zetu, izitunze na kuziweka kwenye intaneti. Tukubali? – Mwenye wasiwasi

Kupeleka nyaraka mbali kumewahi kuziokoa. Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1935 ilizipokea karatasi za Marx na Engels, na za chama cha wafanyakazi wa Uhispania, CNT, wakati waliokuwa wakizitunza wakikimbia nchi zao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, zile nyeti zaidi zikavushwa hadi Uingereza. Mwaka 1940 Wajerumani walioiteka Uholanzi wakaifunga taasisi na kupora waliyoyakuta.

Lakini kama paa lenu halivuji na hakuna anayewafukuza, toeni nakala, karatasi zenyewe zibaki. Mkataba useme nani mwenye haki, nani ataruhusiwa kuona nini, na kwamba nyinyi mtapata faili zote kamili bila malipo. Wakikataa hilo la mwisho, mmeshapata jibu lenu.

Sisi tunapeleka vifurushi kwa pikipiki kupitia programu ya simu. Hatuna chama, hatuna ofisi, hatuna karatasi. Historia yetu itahifadhiwa vipi? – Dereva

Karatasi mnazo, ila zinajifuta. Zamani viwango vipya vya malipo vilibandikwa ukutani, na mtu angeweza kulibandua tangazo akaenda nalo nyumbani. Kwenye programu yako kiwango kinabadilika usiku, cha jana hakionekani tena. Kwa hiyo piga picha ya skrini ya malipo kila wiki, tarehe ionekane. Masharti mapya yakija, yahifadhi kabla ya kubonyeza "nakubali".

Kisha kuna lile kundi la WhatsApp mnaloonyana kuhusu barabara mbovu na wateja wakorofi. Hilo ndilo daftari lenu la mihutasari. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha mazungumzo kuwa faili; waulizeni wenzenu kwanza, mkubaliane majina yapi yafichwe. Msisahau ujumbe wa sauti, kwa sababu ukihamisha maandishi peke yake hauji. Kama mliwahi kugoma, ule wa siku mliyozima simu wote kwa pamoja, mwenzenu anahema, honi zinalia nyuma yake, uutafuteni leo, kabla aliyeutuma hajabadilisha simu.