Maswali ya Wasomaji: Mshale Mwepesi au Mzito?

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde wa kapi wa paundi 60. Mvuto wangu, yaani umbali ninaovuta uzi, ni inchi 28. Dukani waliniuzia mishale ya greni 320, eti kasi ndiyo kila kitu. Msimu uliopita mmoja uligonga bega la mnyama ukaishia hapo hapo, naye akapotea. Mwenzangu ananiambia nipande hadi greni 650. Nimsikilize nani?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Wote wawili wamezidisha. Kwa upinde huo tengeneza mshale ambao jumla yake, pamoja na chembe (ile ncha ya kukata), ni greni 430 hadi 480. (Greni 100 ni gramu 6.5 tu, kwa hiyo tunazungumzia vitu vyepesi sana.)

Upinde kama wako hurusha mshale wa greni 400 kwa takriban futi 270 kwa sekunde, yaani mita 82. Ukipachika wa greni 500, kasi hushuka hadi futi 245 hivi, mita 75. Nishati ya mwendo haibadiliki sana: jouli 88 kwa ule mwepesi, 90 kwa ule mzito. Kinachobadilika ni momenta, yaani uzito mara kasi, na hiyo ndiyo inayoendelea kuusukuma mshale ukishakutana na ngozi, nyama na ubavu. Hiyo hupanda kwa asilimia 13. Mshale mzito pia huchukua nishati zaidi kutoka kwenye mikono ya upinde. Ule mwepesi huiacha nyuma, nayo hutokea kama kelele na mtetemo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo cha greni 5 kwa kila paundi ya nguvu ya upinde: chini ya hapo unakaribia kuachia uzi mtupu, na mikono au kapi zinaweza kupasuka. Kikomo chako ni 300. Greni 320 inacheza ukingoni.

Wapenda kasi husema mshale wa haraka husamehe makosa ya kukadiria umbali. Ni kweli, ila tuulize husamehe kiasi gani. Chukua umeweka shabaha ya mita 27, kumbe kulungu yuko mita 32. Mshale wa mita 82 kwa sekunde utapiga chini kwa sentimita 11 au 12. Wa mita 75, sentimita 14. Tofauti ni sentimita mbili na nusu. Kipima umbali cha mkononi kinakupa faida kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Tena mbele ya sauti mishale yote miwili ni goigoi: kwa mita 27 mlio wa uzi humfikia mnyama kwa sekunde 0.08, mshale kwa 0.33 au 0.36. Kulungu mwenye wasiwasi ataanza kuchuchumaa kabla haujafika, uwe mwepesi au mzito. Upinde usiopiga kelele ndio kinga yako.

Hizo greni 650 zimetoka kwa Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwa miaka mingi, ikiwemo Natal, Afrika Kusini, akitafuta uzito unaovunja mifupa mizito ya wanyama wakubwa. Kwa nyati maneno yake yana maana. Kulungu ana mbavu nyembamba, na mshale wa 650 kwenye upinde wa paundi 60 utapinda njia kiasi kwamba mita 35 itakuwa shida.

Sasa mshale wenyewe. Uti, yaani mwili wa mshale, wa kaboni wa inchi 28, greni 8.5 kwa inchi: 238. Chembe: 125. Kipokeo cha shaba kinachogundishwa ndani ya mdomo wa uti ili chembe ijifunge humo: 50. Noki, kile kipande cha nyuma chenye mwanya wa kushika uzi: 10. Manyoya matatu ya plastiki: 18. Ongeza gundi, unafika kama 445.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaongeza uzito wa mbele, uti wanauacha uleule. Ugumu wa uti hupimwa kwa kutundika uzito wa paundi 1.94 katikati ya uti ulioegemezwa inchi 28, kisha kusoma umepinda kiasi gani. Uti wa namba 400 umepinda inchi 0.400, wa 340 umepinda kidogo zaidi ya theluthi ya inchi, kwa hiyo namba ndogo ndiyo ngumu. Kila greni unayoweka mbele humfanya mshale ajikunje zaidi anapoachiwa. Ukiwa na greni 175 mbele, kwa upinde wako achana na 400, nunua 340.

Mizani ya mbele ipime hivi: laza mshale uliokamilika juu ya kisu mpaka utulie, pima kutoka kwenye mwanya wa noki hadi hapo, toa nusu ya urefu wa uti, gawanya kwa urefu wote. Uti wa sentimita 71 unaotulia sentimita 47 unakupa 11.5 kwa 71, asilimia 16. Kati ya 10 na 15 inatosha, ukizidi kidogo si kosa.

Kisha piga kupitia karatasi iliyobanwa kwenye fremu, ukisimama mita 2. Tundu moja la duara lenye alama tatu za manyoya ndilo unalolitaka. Mkia ukichana juu, shusha mahali noki inapokaa kwenye uzi. Ukichana pembeni, sogeza kiegemeo cha mshale milimita moja moja. Usipokubali, shuku uti. Mshale unaoingia mkia ukiwa kando unasugua ukuta wa jeraha na kumaliza nguvu zake hapo, hata uwe na greni 600.

Na lile bega: usilipige. Ngoja asimame ubavu, au akiwa amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe, upige nyuma ya mguu wa mbele. Kabla ya kila mpigo, kunja kidogo uti wa kaboni mkononi huku ukisikiliza. Ukilia kama kijiti kinachokatika, utupe, maana vipande vyake huingia kwenye kiganja.

SWALI: Shikamooni. Upinde wangu ni paundi 40, mvuto inchi 25. Mume wangu na majirani wanawinda nguruwe pori, nataka kwenda nao. Je, nichukue mshale mwepesi ili nifidie nguvu?
Mama wa watoto watatu, Texas

JIBU: Marahaba, dada. Fanya kinyume chake. Mshale wa greni 400 kwenye upinde huo utatoka kwa futi 190 hivi, sawa na jouli 43, yaani futi-paundi 32. Jedwali la Easton, watengenezaji wa mishale, huweka futi-paundi 25 hadi 41 kwa wanyama wa kadiri ya kulungu, na 42 hadi 65 kwa nguruwe pori. Dume kubwa lenye ile ngao ngumu chini ya ngozi ya bega mwachie mume wako. Wewe chukua kulungu na nguruwe wadogo, ndani ya mita 18. Uti wa 500 au 600. Chembe iwe ya nyembe mbili zisizohama, inayokata tangu ncha inapogusa. Zile zinazofunguka zikifika mwilini hutumia nguvu kufunguka, na wewe huna za ziada. Ukali upime kwa mpira wa bendi uliovutwa: wembe ukikatisha mpira bila kuusukuma, twende, ukiusukuma, noa.

SWALI: Hesabu zote hizi za nini? Wawaata, wawindaji wa jadi wa Tsavo, waliangusha tembo kwa mishale ya mti.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waliangusha, kwa pinde za paundi 100 na zaidi ambazo vijana wengi wa leo hawawezi kuzivuta, na kwa sumu ya msunguti inayosimamisha moyo. Mwenye sumu anahitaji chembe ifike tu kwenye nyama yenye damu. Asiye nayo lazima akate mapafu yote mawili, na majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu sumu. Kwenu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, basi hili libaki la kujifunza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao bado wanawinda, nao hutenganisha mishale: ncha ya mti tupu kwa ndege, chuma bila sumu kwa wanyama wadogo, chuma chenye sumu kwa wakubwa. Na uti uliopinda hawaurushi. Huupasha moto, wakaunyoosha kwa meno, wakafumba jicho moja na kuutazama toka nyuma hadi mbele, kisha wakaunyoosha tena.