Hakuna Nyutroni Nusu: Atomu na Isotopu kwa Mahindi, Kunde na Uwele

Kosa linalojirudia sana kwenye madaftari ya kemia ni hili. Mwanafunzi anaulizwa klorini ina nyutroni ngapi, anafungua jedwali la elementi, anakuta 35.5 (tungamo la atomu) na 17 (idadi ya protoni), anatoa, anaandika 18.5. Kutoa kwake hakuna kasoro. Ila nyutroni nusu haipo, na hata ungechambua maji ya chumvi ya Ziwa Singidani atomu mojamoja, usingekuta atomu ya klorini yenye tungamo la 35.5.

Dawa yake ni kuijenga atomu mezani kabla ya kukariri lolote. Vifaa havikosi jikoni, hasa huku kwetu Dodoma: mahindi, kunde na uwele. Weka katikati ya sinia punje 17 za mahindi, ndizo protoni, na kunde 18, ndizo nyutroni. Rundo hilo ni kiini. Kisha panga punje 17 za uwele kulizunguka, ndizo elektroni: 2 duara la ndani, 8 la pili, 7 la nje. Uwele wenyewe ni mzito mno kwa kazi hii, maana elektroni zipatazo 1,836 ndizo zinazolingana na protoni moja. Na sinia ni dogo mno: kama rundo lako lina upana wa sentimita 4, uwele ulitakiwa umwagwe nusu kilomita au zaidi kutoka mezani. Sehemu kubwa ya atomu ni uwazi mtupu.

Sasa ongeza kunde 2. Mahindi usiyaguse, uwele usiuguse. Namba ya tungamo, yaani jumla ya protoni na nyutroni, imepanda kutoka 35 hadi 37, lakini bado ni klorini, kwa sababu jina la elementi linatokana na idadi ya protoni peke yake. Hizo ndizo isotopu zake mbili za asili: atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu. Ukikosea ukaongeza punje moja ya mahindi, umeshahama: protoni 18 ni agoni.

35.5 imetoka wapi basi? Ni wastani. Katika kila atomu 100 za klorini, kama 76 ni za 35 na 24 ni za 37. Zidisha 35 kwa 76 upate 2,660, 37 kwa 24 upate 888, jumlisha, 3,548, gawa kwa 100, unapata 35.48. Wengi huharibu hapa kwa kujumlisha 35 na 37 kisha kugawa kwa 2, wakapata 36, kana kwamba isotopu zote zina wingi sawa. Kagua jibu lako kwa jicho kwanza: wastani lazima uvutwe upande wa isotopu iliyo nyingi.

Swali likigeuzwa, ukapewa shaba 63.5 na isotopu 63 na 65, weka x iwe asilimia ya 63: 63x + 65(100 − x) = 6,350, hivyo x ni 75. Kwenye mtihani utapata alama. Kipimo halisi lakini ni kama 69, kwa kuwa tungamo za atomu si namba kamili (62.93 na 64.93) na wastani wenyewe ni 63.55. Makadirio madogo juu yanazaa tofauti kubwa chini.

Ioni, yaani atomu iliyopata au kupoteza elektroni, isikuchanganye. Klorini ikipokea punje moja ya uwele inakuwa na elektroni 18 na chaji hasi; kiini hakijaguswa, kwa hiyo hiyo si isotopu nyingine.

Tena si kila isotopu ina mionzi. Klorini 35 na 37 zote ni tulivu; kaboni 12 na 13 vilevile, ila 14 ndiyo hujivunja, nusu yake ikiisha kila baada ya miaka kama 5,730. Urani, ambayo mashapo yake yamegunduliwa Bahi na Manyoni, ina protoni 92: yenye nyutroni 146 ni kama asilimia 99.3, yenye 143 ni kama 0.7 tu. Zote mbili zina mionzi. Kuzitenganisha kwa asidi au kitendanishi cha kawaida haiwezekani kwa vitendo, maana elektroni zao zimepangwa sawa na kemia huongozwa na elektroni. Kinachobaki ni tofauti ya uzito, ndiyo maana hugeuzwa gesi na kuzungushwa kwa kasi kubwa kwenye mitungi, tena na tena.