Kabla hujanunua kitabu cha kutambua sisimizi, kijaribu kwa sisimizi wa majimoto

Kitabu changu cha kwanza cha sisimizi kilikuwa na picha nzuri ajabu. Binamu yangu alininunulia Dar es Salaam kwenye meza ya vitabu vya mitumba, maana alijua ninavyohangaika na sisimizi kwenye mizinga yangu ya nyuki huku Sikonge. Nilikaa nacho wiki mbili chini ya mwembe, na sikupata jina la sisimizi hata mmoja. Kilikuwa kitabu cha sisimizi wa Ulaya. Kurasa nyingi zilieleza wale wanaorundika majani ya misonobari kuwa kichuguu, na huku kwetu msitu ni miyombo na mininga.

Wafugaji nyuki wenzangu wa Tabora hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili linaniuma. Siafu wakiingia mzingani usiku, asubuhi unakuta masega matupu. Lakini si kila sisimizi anayepanda mti anafuata nyuki. Wapo wanaowinda mchwa, na mchwa ndio wanaotutafunia mizinga ya mbao. Nimeona watu wakimwaga dawa shina zima kwa sababu ya sisimizi ambaye hakuwa na shida na nyuki wala asali. Ndiyo maana nataka kila mfugaji awe na kitabu, na kiwe kitabu kinachofaa.

Njia yangu ya kukipima ni rahisi. Kabla hujatoa hela, chukua sisimizi mmoja unayemjua tangu utotoni, umtafute humo. Mimi natumia majimoto, wale wekundu wa kwenye miembe wanaoshona majani mabichi kuwa nyumba kwa hariri ya watoto wao. Duniani kote zimebaki spishi (aina) mbili tu za jenasi yao, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, Oecophylla: moja ya Asia na Australia, nyingine ya kwetu Afrika, Oecophylla longinoda. Kitabu kisichokuwa naye hakikuandikwa kwa ajili yako. Kikiwa naye, fungua ukurasa wa siafu, jenasi ya Dorylus. Wafanyakazi wa siafu hawana macho kabisa. Kama maelezo hayalitaji hilo, kirudishe mezani.

Angalia pia kama mchwa na kumbikumbi wamewekwa humo kana kwamba ni sisimizi. Kwa Kiswahili tunawataja pamoja, lakini mchwa ni ndugu wa mende. Kiuno chake ni kinene na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi ana kiuno chembamba, na vipapasio vyake vimejikunja kama kiwiko.

Kilichonifundisha zaidi ni sungusungu. Jina hili kwetu ni zito, maana ndilo walilojipa walinzi wa jadi wa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipoamua kupambana na wezi wa ng'ombe. Bibi yangu alimwita sungusungu kila sisimizi mweusi mkubwa anayeuma. Nilipopata kitabu kinachofaa niligundua kwamba jina hilo moja linabeba angalau wadudu wawili. Wa kwanza ni Megaponera analis. Huenda kwa msafara kuvamia mchwa na kurudi wengi wakiwa na mzigo mdomoni, na ukiwagusa utawasikia wakitoa mlio. Wa pili ni Paltothyreus tarsatus, ambaye mara nyingi utamkuta akitembea peke yake, na ukimbana hutoa harufu kali inayokaa vidoleni. Katika msafara wa Megaponera utaona wakubwa na wadogo pamoja, kuanzia milimita 5 hadi 18 hivi, wote spishi moja. Kwa hiyo kitabu kinachopanga sisimizi kwa rangi na ukubwa tu kitakupoteza, hata kiwe na picha za namna gani.

Angalia mwaka wa kuchapishwa. Hao wawili walikuwa wamehamishiwa kwenye jenasi ya Pachycondyla, kisha mwaka 2014 wakarudishiwa majina yao ya zamani. Ukiwa na kitabu cha nyuma ya hapo, utasoma habari za mdudu uliyemshika bila kujua ni yeye.

Kinachobeba kazi yenyewe ni ufunguo wa utambuzi, yaani maswali yanayokuja mawili mawili: kiuno kina kifundo kimoja au viwili? Kifundo cha nyuma kimeungana na tumbo kwa mbele au kwa juu? Ukijibu la mwisho kwa "juu", na tumbo lina umbo la moyo, umemshika Crematogaster, yule anayeinua tumbo kichwani akikasirika. Kila swali liwe na mchoro au picha ya ubavuni. Picha ya juu pekee haitoshi, kwa sababu kifundo cha kiuno huonekana vizuri ukimtazama mdudu kwa upande.

Usikatae kitabu kwa sababu kinaishia kwenye jenasi bila kufika spishi. Kwa Afrika huo ndio uaminifu: hakidai kujua kisichojulikana bado. Ninachotumia sasa ni cha Brian Fisher na Barry Bolton, cha mwaka 2016, kinachohusu jenasi za Afrika na Madagaska. Ni kikubwa, ni ghali, na ni cha Kiingereza kigumu. Sisi wanne wa kikundi chetu tulichanga. Ukikosa uwezo huo, anza na tovuti ya AntWeb, ambayo ni bure: sisimizi wengi wamepigwa picha ya uso, ya ubavu na ya juu. Nunua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na kichupa cha spiriti, maana sisimizi hai hakai akasubiri umalize maswali.

Jambo moja nililichelewa. Vitabu vingi huonyesha wafanyakazi tu. Usiku mmoja mdudu mwenye mabawa, mnene, wa rangi ya kahawia, aligonga taa yetu na kuanguka kwenye sahani. Watoto wakasema ni nyigu. Nilimtafuta siku tatu kwenye kurasa za wafanyakazi bila mafanikio, mpaka nilipokuta maelezo ya madume: alikuwa siafu dume. Kwa hiyo uliza kama kitabu kina madume na malkia, hata kwa kurasa chache.

Na kiwe na karatasi inayokubali penseli. Pembeni mwa Megaponera nimeandika "sungusungu wa msafara", na pembeni mwa Paltothyreus "sungusungu wa harufu". Mwenzetu mmoja asiyesoma Kiingereza sasa hukifungua mwenyewe na kuwapata wote wawili.