Hukumu ya Kutumia Programu za Udanganyifu na Kuchezewa na Mwingine katika Mashindano ya Gemu

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh wangu. Mimi hushiriki mashindano ya gemu kupitia intaneti. Nimekuwa nikitumia programu inayonionyesha wapinzani waliojificha nyuma ya kuta, na mara mbili rafiki yangu aliye hodari kuliko mimi aliingia katika akaunti yangu akanichezea ili nipande daraja. Wenzangu husema huu ni mchezo tu. Je, nina dhambi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Sifa njema zote ni za Allah.

Hao wanaosema ni mchezo tu wamesahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliiwekea michezo mipaka. Katika hadithi ya Imran bin Husayn iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, alikataza jalab na janab katika mashindano ya farasi. Wanazuoni wameeleza kuwa jalab ni mshindani kuweka mtu wa kumpigia kelele farasi wake ili azidi kukimbia, na janab ni kuwa na farasi wa pili ubavuni, asiyechoka, ili wa kwanza akilegea amrukie huyo. Ndugu yangu, rafiki uliyemkabidhi akaunti yako ana tofauti gani na farasi huyo wa pili?

Ibn Umar naye amepokea kwamba Mtume aliwashindanisha farasi walioandaliwa kwa mbio kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasioandaliwa akawapa masafa mafupi, kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Madaraja ya gemu yana maana hiyohiyo ya kumkutanisha mtu na aliye sawa naye, kwa hiyo anayepandishwa kwa mkono wa mwingine huwadhulumu wapinzani, na pia wachezaji wenziwe wa timu moja wanaomtegemea kwa uwezo asio nao.

Ama programu ile ni ghushi ya wazi, na Mtume alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji uliofichwa chini, alisema: “Mwenye kughushi si katika mimi.” Isitoshe, ulipojiandikisha ulikubali kanuni za mashindano, na Allah ameamrisha katika Suratul Maida, aya ya 1, kutimiza ahadi.

Naona kinachokusukuma ni uchungu wa kushindwa. Ngamia wa Mtume aitwaye Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, hata akaja bedui na ngamia mchanga akampita. Waislamu wakaumia, naye Mtume akawaambia kuwa ni haki kwa Allah kutokiinua kitu cha dunia ila hukishusha.

Tubu, uifute programu hiyo, na uombe akaunti yako ishushwe daraja. Zawadi uliyoipata kwa njia hiyo si mali yako: waeleze waandalizi na uirudishe ili apewe aliyestahiki, na wasipopatikana kabisa, itoe sadaka kwa niaba ya wenyewe. Wallahu aalam.