Modeli moja haitoshi kwa pampu, bomba na kidhibiti

Mkuu, umeuliza kama modeli moja ya kompyuta yenye hatua moja ya muda, yaani inayopiga hesabu kila baada ya muda uleule, inatosha kuiga mfumo mzima wa maji, toka ziwani hadi matanki ya mlimani: hapana, itakudanganya. Tanki hujaa kwa saa kadhaa. Lakini wimbi la presha ndani ya bomba la chuma hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde, na maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafla, presha hupanda takriban bari 10. Ukipiga hesabu kila dakika, pigo hilo la presha hulioni kabisa.

Nilikuwa nyumba ya pampu hapa Mwanza umeme ulipokatika: valvu ya kuzuia maji yasirudi ilibamiza, sakafu ikatetemeka, na skrini ya kidhibiti (kompyuta inayoendesha pampu), iliyokuwa kwenye betri, bado inaonesha presha ya kawaida!

EPANET, programu ya kuiga mitandao ya mabomba ya maji, ni ya bure na inafaa kwa mwenendo wa saa na siku, ila haihesabu pigo hilo. Tengeneza modeli ya pili ya bomba kwa milisekunde, ya tatu ya kidhibiti, kisha uziunganishe kwa FMI, kiwango cha kuunganisha modeli za programu tofauti kilichotoka 2010. Ucheleweshaji wa vipimo kufika kwenye kidhibiti usiuache nje, tafadhali.