Usiingie kazi ya duka la bangi kabla hujala kiapo cha uraia

Usisaini mkataba huo. Umeuliza kama mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, hapa jimbo la Colorado anaweza kuajiriwa katika duka la bangi lenye leseni, kitambulisho cha kazi kinapatikanaje, mshahara ukoje, na kama ombi lako la uraia linaweza kuendelea huku ukifanya kazi hiyo. Hao waliokujibu kwamba jimbo limeruhusu, basi piga kazi, hawatakuwapo siku utakapokaa mbele ya afisa.

Jimbo limeruhusu kweli. Wapiga kura walipitisha Marekebisho ya 64 ya katiba ya jimbo mwaka 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na leo mtu aliyetimiza miaka 21 ananunua bangi na kupewa risiti. Lakini uraia hautolewi na jimbo. Unatolewa na serikali kuu, ambayo sheria yake ya mwaka 1970 ndiyo inayodhibiti dawa za kulevya, bangi ikiwemo. Mwongozo wa USCIS, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maombi ya uraia, wa tarehe 19 Aprili 2019 ulitamka wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata kwa kuajiriwa tu katika biashara hiyo, kunaweza kumfanya mwombaji ahesabiwe hana tabia njema, ingawa jimbo lake halioni kosa.

Mimi hata kaunta sikuwahi kusimama. Nilikuwa chumba cha nyuma, nikipima maua makavu kwenye mizani, nikiyatia vichupani na kubandika lebo, kitambulisho cha jimbo kikining'inia shingoni. Siku ya usaili afisa alipitisha kalamu kwenye orodha ya ajira katika N-400, fomu ya kuomba uraia, akasimama penye jina la duka, akauliza kwa upole kabisa kazi yangu ilikuwa nini hasa. Nikamweleza kwa fahari, mpaka aina za vifuniko, naye akaandika yote. Barua iliyofuata ilisema sikuthibitisha tabia njema, mimi nisiyevuta hata sigara. Mama mkwe wangu alifurahi kupata maandishi ya serikali juu ya jambo analolishikilia tangu siku ya posa.

Aliyeniponza ni mjaza fomu wa mtaani kwetu, anayejiita mshauri wa uhamiaji ilhali si wakili. Alipokea fedha zangu, akaisoma ajira hiyo kwa sauti, akaniambia kwamba kazi inayokatwa kodi ni kazi halali. Kodi! Serikali kuu hudai kodi hata kwa mapato ya haramu. Nilipomrudia na barua, alinishauri nikate rufaa, kwa malipo mapya, tena kwake yeye.

Kwa hiyo, mpaka ule kiapo, bangi usiivute, usiiuze, usiibandikie lebo, wala usikubali kufagia ghala lake. Kutoshtakiwa hakukulindi, kwa sababu kukiri mbele ya afisa kunaweza kutosha, na kwa anayerudi kutoka msibani nyumbani maswali hayo yanaweza kuanzia uwanja wa ndege. Kama umeshaanza, usiifiche ajira hiyo kwenye fomu: kudanganya chini ya kiapo ni kosa jingine, na taarifa zako za kodi zinamtaja mwajiri. Acha kazi, kaa na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, naye ndiye akuambie lini upeleke N-400, maana kwa kawaida hutazamwa miaka mitano iliyotangulia ombi, na ada hairudishwi likikataliwa.