Kishona nguo na utepe wa "krrr"

SWALI: Shikamoo. Mimi ni fundi cherahani hapa Langoni, Lamu. Mteja kaniletea begi nibadilishe ule utepe unaonata na kubanduka kwa mlio wa "krrr". Ami yangu asema uligunduliwa kwa bahati tu, porini. Kweli, au ananichezea?

JIBU: Marahaba, fundi. Ami yako hakuchezei kuhusu utepe huo wa Velcro, ila hiyo "tu" siikubali. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka kuwinda milimani, suruali yake na manyoya ya mbwa wake yamejaa mbegu za magugu. Sisi tukitoka shamba na mbegu za kishona nguo kwenye kikoi, tunang'oa huku tunanung'unika, basi. Yeye aliiweka mbegu chini ya hadubini, akaona vijindoano.

Hapo ndipo jasho la kuviiga kwa utepe lilipoanza. Pamba ilichakaa upesi. Nailoni ikafaa, kwa kuwa ikipata joto hushika umbo. Vitanzi vilifumwa kwanza, kisha kila kimoja kikakatwa ubavuni kiwe ndoano. Wewe wa sindano wajua adha hiyo! Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, aliipata 1955, na jina Velcro aliliunga kwa maneno mawili ya Kifaransa: mahameli na ndoano.

Kabla hujamtoza mteja, upeleke utepe wake mwangani. Upande unaokwaruza pengine haujafa, umezibwa na nyuzi na manyoya ya punda. Uchokonoe kwa sindano kwanza.